Bamvua na Maji Mafu ya Shungi

Mnajua, ila mmegeuza nyuso. Kila mkifika kwenye habari za Kisiwa cha Shungi mnafunua ukurasa upesi, kana kwamba damu iliyomwagika huko haikuwa ya babu zenu. Leo hamgeuki.

Zama za Wareno, nahodha wao Beltrao, aliyekulia kwenye bahari isiyopwa wala kujaa, alikuja kuichora pwani ya Shungi, kila hori na kila mlango wa bahari, apate kuingiza mizinga hadi chini ya ukuta wa mji. Rubani Kombo alikataa kumwonyesha njia. Wakamtundika mlingotini, mji mzima ukitazama.

Dada yake, Mize, akajitokeza mwenyewe. "Njia naijua," akasema.

Akawapeleka kwenye mlango wa kuingilia mjini wakati wa bamvua, bahari imejaa hadi matawini mwa mikoko. Beltrao, ndani ya deraya ya chuma, jasho likimchuruzika, alitia bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, akachora kila alichopima.

Mkalimani Shekuwe, mtu wa mashamba ya bara aliyejiuza kwa joho jekundu, akamcheka. "Dada, umekwisha kumsahau nduguyo? Hata arobaini bado."

"Nawe ulimsahau mamako yu hai. Tafsiri, ndiyo kazi uliyovikiwa joho."

Beltrao akauliza arudi lini na merikebu zake.

"Mwambie aje maji mafu."

Shekuwe hakuijua bahari. Akatafsiri: maji yaliyotulia, yasiyo na nguvu. Mreno akaridhika. Wala hakuongopewa, maana siku za nusu mwezi bahari hutulia kweli. Ila haijai kama wakati wa bamvua.

Akarudi siku hizo. Merikebu zikaifuata ramani kwa utiifu, zikakita matopeni, zikalala ubavu, mizinga ikielekea mbinguni. Watu wa Shungi wakatoka mikokoni na majambia na mishale ya moto.

Beltrao aliletwa kwa Mize, matope hadi kiunoni.

"Mwambie ramani yake ni sahihi," Mize akamwambia Shekuwe. "Siku ndiyo aliyokosea."

Shekuwe alitafsiri akilia. Kisha Mize akachomoa jambia la Kombo, na wote wawili akawalipa.

Lakini ramani iliponea kwa Mreno mmoja aliyeogelea. Hadi leo mlango ule umeandikwa kwa jina la Beltrao, nanyi mnawasomesha wanenu jina la mnyongaji. Nawe usomaye, chukua wino sasa hivi, kabla hujaketi kula. Lifute. Andika Kombo.