Seva Iliyolala

Maiti ya yule mama wa watoto watatu ilikuwa bado na joto Inspekta alipoingia wodi namba nne. Midomo ilikuwa imevimba, shingo imejaa madoa mekundu. Daktari hakuhitaji kusubiri maabara.

"Mzio wa penisilini," alisema. "Sindano moja tu."

Mume wa marehemu alikuwa dirishani, ameshika viatu vya mkewe.

"Niliwaambia jana mapokezi, penisilini itamuua. Nilimwona karani akiandika. Nani kaniulia mke wangu, afande?"

"Nitakuletea," Inspekta alijibu, papo hapo akajutia ulimi wake. Vijana wa kituoni walimwita Kobe kwa sababu alikwenda taratibu, lakini hakuwahi kukosa kufika.

Alianza na muuguzi aliyechoma sindano ile.

"Ulisoma faili?"

"Kwenye skrini. Liliandikwa: mzio, hakuna."

"Una hakika?"

"Afande, nina miaka kumi na tisa kwenye sindano."

Akamgeukia karani wa mapokezi.

"Uliandika?"

"Kwa herufi kubwa. Nikahifadhi, ikakubali. Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi."

Mmoja anadanganya, Kobe alijisemea. Miaka thelathini ya kazi ilimfundisha hivyo, na safari hii ilimfundisha uongo.

Fundi wa kompyuta alimfungulia chumba cha mashine. Ndani kulikuwa na seva mbili, kompyuta za kuendesha mafaili ya wagonjwa, kwenye rafu, moja juu ya nyingine, na chini yake kabati la diski zinazoyahifadhi.

"Zote mbili zinaandika humo?"

"Kwa zamu, afande. Moja inaandika, nyingine inasubiri. Ya juu ikizimika, ya chini inashika kazi."

"Na jana asubuhi?"

"Sikuwapo. Nilimpigia simu mlinzi aiangalie," Fundi alijibu. Kobe akamwita mlinzi wa mlangoni.

"Jana huyu alikupigia simu?"

"Alinipigia kutoka kwake. Akaniambia, mzee, hebu chungulia, ile ya juu imelala?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia imelala. Si ndivyo zinavyokaa? Tangu ziletwe sijaona hata moja iliyosimama."

Askari aliyekuja na Kobe alicheka peke yake. Fundi alijikalisha sakafuni.

"Ilikuwa haijazimika," alisema. "Ulichomoka waya tu, ule unaonipa habari zake. Nami, nikiwa kwangu, nikaiwasha ya chini. Zote mbili zikawa zinaandika kwenye diski zilezile, kila moja ikidhani iko peke yake. Karani aliandika kupitia ya juu. Dakika mbili baadaye ya chini ikaweka ukurasa wa zamani juu ya maneno yake."

Kumbe hakuna aliyedanganya. Kobe akamwinamia Fundi.

"Hakuna kinga?"

"Ipo. Ya chini, kabla ya kushika kazi, inaikatia ya juu umeme. Niliiondoa mwezi uliopita."

"Kwa nini?"

"Ilikata mara mbili bila sababu, skrini za wodi zote zikafa. Mkurugenzi akaniambia ikitokea ya tatu nifungashe virago. Niliogopa, afande."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hukulijua hilo?"

"Walikaa, afande. Wangepigana tungesikia kelele."

Kobe akatoa pingu. Ndipo lilipomjia swali ambalo hakulitaka.

"Mafaili mangapi yameharibika?"

"Sijui."

"Na nakala ya akiba?"

"Ya jana ilitoka kwenye diski hizohizo. Ya wiki iliyopita haina waliolazwa juzi na jana."

Wakapita wodi namba nne. Mume akamtazama Fundi kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Alikuwa na ugomvi gani na mke wangu?"

"Hakumjua hata kwa jina."

Yule bwana alivitazama viatu mkononi. Pengine alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mkubwa zaidi.

Muuguzi yuleyule akawazuia njia, sinia mkononi. Nyuma yake alilala mzee mmoja, macho kafumba, anapumua kwa shida.

"Afande, babu huyu hajitambui. Aliletwa jana, na simu za ndugu zake hazipatikani. Skrini inasema hana mzio. Dawa iliyobaki ni penisilini hii tu, na bila hii jioni haioni. Daktari kasema niwaulize nyinyi kama skrini inaaminika. Nimchome, nisimchome?"

Kobe alimtazama Fundi. Fundi alitazama pingu zake.

Muuguzi aliendelea kusubiri, sindano imeshajazwa.