Kinanda Kilicholegezwa

Spika zilikuwa zimechomolewa waya, na bado kinanda kililia ndani yake, saa nne ya asubuhi, jua limejaa chumba kizima.

Masikio alizikodolea macho. Jina hilo alipewa mtaani kwa kuwa hakuna kilichompita. Bomba likivuja nyumba ya tatu, yeye ndiye wa kwanza kulalamika. Kazi yake ilikuwa kutengeneza muziki wa matangazo kwenye kompyuta, lakini kwa siku tatu alikuwa ameyaweka kando matangazo yote ili aunde upya sauti ya kinanda cha wimbo mmoja, ule aliouimba mama yake huku marehemu baba akipiga. Kanda ya wimbo huo ilikuwa imechakaa. Alitaka mama auimbe tena kabla uzee haujamnyima pumzi.

Na sauti aliipata: mngurumo wa chini, mwangwi, hata ule mkwaruzo kama wa mlango wa bati. Alirekebisha kitu kimoja tu. Kwenye kanda kinanda kilikuwa kimelegea, kiko chini kidogo ya sauti ya mama, na fundi gani anayejiheshimu huacha kasoro kama hiyo? Akakinyoosha, akakipandisha kilingane na sauti ya mama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, ila huyu aliinama akamkuta mwenye mvungu.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Mama akatokea mlangoni, kijiko mkononi, akafungua kinywa. Koo lake halikutoa kitu. Sauti yake ilitoka kwenye spika.

"Mwanangu, chai inapoa."

Mama akajishika shingo, akanyakua penseli mezani. *Umekinyoosha?* Masikio akaitikia kwa kichwa, naye mama akaandika kwamba baba hakukosea hata kidogo, kwamba kuna jini aliyejificha katika sauti ya kinanda kile tangu siku kilipoingia nyumbani, na kikinyooka jini hupata njia ya kutoka na kuchukua sauti za watu, ndiyo maana baba alikilegeza akaupiga wimbo wote bila kusita, kwa kuwa wimbo ukiisha kinanda kikiwa kimelegea jini hubaki ndani, na kwamba yeye alilijua hilo miaka yote lakini hakusema kwa kuogopa kuchekwa na bintiye msomi.

"Mama, si ungeniambia tu," Masikio alinong'ona.

"Niachie koo hili," spika zikasema kwa sauti ya mama. "Nitakutengenezea nyimbo ambazo dunia nzima itazilia."

"Koo la mama yangu halikodishwi."

Akajaribu kukilegeza kwenye kompyuta. Mshale ukakimbia kidole chake. Basi akavuta kibodi ndogo ya muziki, akaweka kidole gumba kwenye gurudumu la pembeni, lile linalolegeza noti, akalivuta chini. Lilisukuma kurudi juu kama lina mtu. Kwa mkono wa kulia akaanza kupiga.

Mama akaimba. Mwanzoni ulikuwa mpumuo tu, kisha mkwaruzo, kisha neno zima. Kila gurudumu lilipopanda kidogo, neno lilikatika. Kidole kilichubuka, damu ikatia utelezi, Masikio akabana zaidi. Aliogopa, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga.

Ulipobaki ubeti wa mwisho, spika zikabadilika. Sauti nzito, ya taratibu, ambayo hakuwa ameisikia tangu baba afariki.

"Binti yangu, umechoka. Achia."

Mkono ukamlegea. Machozi yakamtoka, kwa kuwa ilikuwa sauti yake hasa, hata kile kikohozi kidogo. Alitamani aiambie iseme tena, mara moja tu.

Akalikandamiza gurudumu mpaka mwisho, akapiga noti ya kufungia, akaishikilia hadi ikafifia yenyewe. Harufu ikatoweka.

Alibaki ameinama juu ya kibodi, analia. "Mama, kama kweli alikuwa yeye?"

"Baba yako aseme achia?" mama akajibu, kwa kinywa chake mwenyewe. "Yule mtu hakuwahi kuniachia hata mto."