Pumzi za Zamu

Wala haikuanza kwa kishindo. Mfuko wa mpira, ule uliounganishwa na mashine ya kupumulia kwenye meza ya karakana badala ya pafu la mtu, ulivuta pumzi, ukatulia, kisha ukavuta nyingine ambayo hakuna aliyeiagiza. Mtunga programu, binti mmoja, akacheka kidogo, akasema mpira umechoka. Mpira gani wa kuchoka! Moyoni alishajua, na hofu ikamshika, maana mashine kama hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpumulisha mama yake hospitali.

Kosa lilikuwa lake. Ndani ya mashine, programu nyingi hutumia prosesa moja, ubongo wa mashine, kwa zamu. Kila inayotoka, namba zake za desimali huhifadhiwa pembeni, na zamu yake ikirudi hurudishiwa zile zile. Kazi hiyo hula muda. Yeye, kwa kupenda sifa, aliuagiza mfumo uziache namba palepale mpaka programu nyingine itakapopahitaji. Mashine ikawa nyepesi, akapigiwa makofi. Kumbe ameacha chumba kina vitu vya watu na mwenyewe hayupo, na wapo viumbe, Mungu atuepushe nao, ambao hapo hawasubiri kukaribishwa.

Akazima hewa. Mfuko ukaendelea kupumua.

Mchana kweupe, wenzake wanakunywa chai chumba cha pili, karakana ikaanza kunuka nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni, na kwenye skrini zikapita namba zisizo za programu yoyote, zikipanda na kushuka taratibu, zikifuata kifua chake mwenyewe, akibana pumzi nazo zinabana, akiachia zinaachia, mpaka asijue tena nani anamfuata nani.

Akamwita mkuu wake wa kazi, mama mmoja mkali wa maneno ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi. Shangazi hakuuliza mengi. Alimwambia arudishe utaratibu wa zamani: kila zamu, vya anayetoka vihifadhiwe vyote, na mgeni akute sifuri tupu.

"Na kilichomo humo ndani?" akanong'ona.

"Kitakosa pa kukaa. Kitatoka."

"Kitoke kiende wapi, Shangazi?"

Shangazi alikuwa ameshageukia kibodi.

Wakaandika, wakajaribu, wakatuma marekebisho kwenye mashine zote, ya mama yake binti ikiwa ya kwanza. Mfuko ukanywea. Harufu ikakata. Shangazi akamwambia haya, nenda kamwone mgonjwa wako.

Alimkuta ameshatolewa bomba mdomoni. Muuguzi akamweleza kwa furaha kwamba amezinduka ghafla, sasa hivi tu, na anapumua mwenyewe. Binti akalia pale pale bila haya, akaushika ule mkono uliokonda.

"Mama, ni mimi."

Mama akamtazama kwa makini, kama mpangaji anayemtazama mtu aliyebisha hodi.

"Mama yako katoka," akasema, kwa sauti ile ile iliyomlea. "Alitolewa haraka, hakuwahi kubeba vitu vyake."