Chumba cha Giza cha Mama Theodora

Picha ya kwanza kuharibika ilitoka Jumanne, saa nne asubuhi. Veridiana, ambaye kituoni wote walimwita Mama Theodora, aliinyanyua kutoka kwenye dawa ya kusafishia akitazamia duara za vidoti, maana ndivyo unga wa jiwe unavyojionyesha ukipigwa eksirei. Badala yake akaona mgongo wa mtu aliyeketi. Na tundu la mtambo wa eksirei halikutosha hata kidole cha mtu.

Hicho kilikuwa kituo cha taifa cha kuchunguza mawe kwa eksirei, nje kidogo ya Masasi, chini ya mlima. Mwaka ule wa tisini na tatu serikali ilikuwa inauza mashirika yake, na wafanyakazi kumi na mmoja walishapunguzwa. Walibaki watatu: Veridiana, mlinzi Bwanali, na Bwana Erasto, mkuu wa kituo.

Jumatano yule mtu wa pichani alikuwa amegeuka nusu. Alhamisi chumba cha giza, Veridiana alimosafishia picha, kilinuka udi na udongo wa kaburi. Ijumaa sauti ikamnong'oneza sikioni: "Mama Theodora, funga, uende kwenu."

"Hata mimi nimeisikia," Bwana Erasto alisema kwa sauti ya chini. "Naandika barua Dar es Salaam, wakifunge kituo."

"Andika ya kuacha kazi wewe. Mimi sifukuzwi na kitu kisicho na jina."

Bwanali akamleta Maalimu Awadhi, msomaji wa dua, kutoka kijiji cha Lisekese.

"Shikamoo, Maalimu," Veridiana akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akafukiza ubani, akaingia akisoma. Dakika tano hazikutimia, akatoka bila kofia.

"Ni jini wa mlimani. Mmempasulia mawe yake. Kisomo changu kitamzuia asiue, basi. Amezoea kukimbiwa, huyo. Anayemweza ni mwenye chumba tu."

"Chumba ni changu," alisema Veridiana. Akaingia na picha mpya, akafunga mlango.

Giza likamfunika, na ndani yake akasikia pumzi, kwanza kule konani, kisha nyuma ya kisogo, kisha ndani ya nywele zake, na harufu ya udongo ikamjaa kooni, na mkono wa baridi ukamshika shingo ukaanza kubana taratibu, lakini picha hakuiachia, akawa anaichezesha kwenye dawa huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, machozi yakimtiririka.

"Nimemzika mume," akasema kwa shida. "Nimesomesha mtoto kwa kazi hii. Wenzangu wametolewa kwa karatasi, nikashindwa kuwatetea. Wewe hata karatasi huna. Bana! Ukimaliza, nina kazi."

Mkono ukalegea.

Alitoka shingo imevimba, na picha mkononi: duara safi za vidoti, hakuna mtu.

"Ametoka?" Bwana Erasto aliuliza.

Kabla hajajibiwa, wakasikia maji yakimwagika mle chumbani. Kuna aliyekuwa anasuuza trei za dawa, moja baada ya nyingine, bila haraka. Bwanali akarudi nyuma hatua mbili.

Veridiana alisikiliza hadi trei ya mwisho.

"Hajatoka," akasema. "Basi na abaki. Ila humo ndani mkubwa ni mimi."

Akaokota jiwe jingine, akaanza kulitwanga.