Mkono wa Akiba

Kwenye ukuta wa kioo uliorusha picha za upasuaji wodini, pafu la fundi mwashi mmoja wa Pongwe lilikuwa limenywea kama puto lililotolewa upepo, na Mpenyezi alikuwa kazini. Mikono mitatu ya mashine hiyo, myembamba kuliko kalamu, ilikuwa imeingia ubavuni kwa matundu matatu madogo. Ncha za mikono hiyo zilitoa nyuzividole, yaani nyuzi za chuma zinazojikunja na kushika kama vidole vya mtu, na katikati yake lilimulika jicho la punje, kamera ndogo kama chembe ya ulezi. Nyuzividole zikapapasa, zikakata, zikafunga mishipa, zikautoa uvimbe ndani ya kimfuko. Dakika ishirini na sita tu. Wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu zao wakapiga makofi, maana desturi ya hospitali ile ya Tanga ilikuwa kumwonyesha kila mgonjwa upasuaji wa mwenzake aliyemtangulia, kwa idhini yake, ili kumtoa hofu.

Daktari Zaina Shekalaghe hakupiga makofi. Yeye hofu ilikuwa ndiyo kwanza inampanda. Alikuwa na miaka sitini na saba, alikuwa amestaafu upasuaji miaka sita iliyopita, na asubuhi hiyo ya mwaka 2094 kifua kinachofuata kilikuwa chake.

Daktari Eliakimu Mshana, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, alikuja, akamwamkia, akaketi ukingoni mwa kitanda kumweleza yatakayompata. Zaina alimwacha aseme, ingawa maneno yale aliwahi kuyasema mwenyewe mara elfu. Atalazwa usingizi. Pafu moja litapumzishwa na jingine litapumua kwa wawili. Akiamka atakuta mrija ubavuni unaotoa maji na hewa. Asiuogope, utatolewa kesho yake. Kukohoa kutauma, na akohoe hivyo hivyo huku amekumbatia mto. Jioni atatembezwa ukumbini. Siku ya tatu yuko nyumbani kwake.

Maneno matamu hayo. Kisha akapewa fomu atie sahihi, naye, kwa mazoea ya kazi, akaisoma yote mpaka chini. Weee! Moyo ulimpasuka paa.

Sheria ilisema Mpenyezi asiguse mtu mpaka fomu iwe na jina la mkono wa akiba, yaani daktari aliyewahi kufungua kifua kwa kisu na mikono yake mwenyewe, atakayeingia ikiwa damu itaizidi mashine. Na kwenye nafasi hiyo, kwa herufi safi kabisa, pameandikwa: Dkt. Zaina Shekalaghe.

“Eliakimu,” alisema, “mgonjwa ni mimi. Na wa kuniokoa ni mimi pia?”

Eliakimu aliinamisha kichwa. Akaeleza taratibu, kama mtoto aliyevunja sahani. Alipostaafu, hakuna aliyethubutu kulifuta jina lake. Kumfuta mkubwa kwenye orodha wakati yu hai, watu waliona ni utovu wa adabu, kama kumfukuza mlangoni. Basi likaachwa kwa heshima. Mwaka ukapita, wa pili, wa sita, na kila upasuaji ukaanza vizuri kwa sababu jina lilikuwepo. Miaka kumi na tisa Mpenyezi hakuwahi kushindwa, nani angehangaika?

Zaina akalitazama tena jina lake. Kumbe miaka yote hiyo, alipokuwa kwake Lushoto akipalilia karoti zake, watu walikuwa wamelala hapa mbavu zimetobolewa na tegemeo lao ni yeye. Hata yule mwashi. Aliona aibu, halafu hofu ikaimeza aibu yote, maana uvimbe wake mwenyewe ulikuwa umeegemea mshipa mkubwa wa pafu, na mshipa ule ukichanika hausubiri mtu.

“Nani mwingine hapa amewahi kufungua?”

“Hayupo, mama. Mimi nimeweka mirija ya ubavuni tu. Kisu cha kifua sijawahi kukishika.”

Angeweza kurudi nyumbani. Alilifikiria hilo, tena kwa nguvu. Lakini uvimbe ulikuwa unakua kila wiki, naye alikuwa ameanza kukohoa damu. Akifa kwa kukimbia, kesho atalala mwingine pale pale, na jina la Zaina bado linaning'inia kwenye fomu. Akaomba zamu yake isogezwe hadi saa tisa, akaagiza jikoni mwa hospitali zitolewe mbavu za mbuzi.

Mpishi alilalamika kwamba hizo ni za supu ya wagonjwa. Hakusikilizwa. Zaina, tumbo tupu tangu jana na gauni la mgonjwa likimpwaya, alisimama mezani pa jikoni na kumfundisha Eliakimu. Kwanza alimshika mkono akamhesabisha mbavu zake yeye mwenyewe, juu ya gauni, mpaka kidole kikatulia pale pa kukata. Kisha kisu, juu ya ukingo wa ubavu, kamwe si chini yake, kwa sababu chini ndiko mshipa unakopita. Kisha chuma cha kutanua. Kisha mkono mzima ndani, kuubana mshipa kwa vidole.

Mara ya kwanza Eliakimu alitumia dakika kumi na moja, jasho likimtiririka. Mara ya pili, saba. Mara ya tatu, nne na nusu.

“Nimejitahidi, mama?”

“Umejitahidi sana,” Zaina alisema. “Mshipa ukichanika, mimi nitakuwa na tatu tu.”

Mbavu zilikuwa zimekwisha.

Akachukua fomu, akalikata jina lake kwa mstari mmoja, akaandika la Eliakimu, ingawa kifua alichofungua kilikuwa cha mbuzi tu, akatia sahihi kama shahidi. Saa tisa alilala ubavu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, na Mpenyezi akashuka kutoka darini bila sauti. Muuguzi akamwongezea Zaina shuka. Aliogopa matundu, aliogopa usingizi, na zaidi ya vyote aliogopa zile dakika moja na nusu. Eliakimu alisimama mbele yake akiwa amevaa glavu, mikono ameikunja kifuani, asijue pa kuiweka.

“Nionyeshe,” Zaina alimwambia.

Akainyoosha. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili.

“Na yangu ilitetemeka hivyo hivyo mara ya kwanza,” Zaina alisema. “Usijali.”

Alimwona akishusha pumzi, mabega yakilegea kidogo. Dawa ikaanza kuingia mshipani. Miaka yote ya kazi, mikono ya Zaina haikuwahi kutetemeka hata siku moja.