Uso Aliouona Kwenye Kioo

"Leo umemeza dawa?" fundi simu alimuuliza mchumba wake, msusi, sauti laini kama anayembembeleza mtoto.

Msusi alikuwa ameuliza kitu kidogo tu: mbona fundi na binamu wa msusi wakikutana macho wananyamaza? Badala ya jibu, akaulizwa dawa.

Tangu utotoni msusi alikuwa mtu wa wasiwasi. Mteja akikaa kimya kidogo, moyo ulimwenda mbio, akadhani amemkosea. Ndipo akaenda kliniki, mchumba akamsindikiza. Daktari alimwonyesha picha za nyuso, na nyingi kati ya zile tulivu msusi akasema zimekasirika. Akaelezwa kwamba ubongo wenye wasiwasi hupiga kengele ya hatari mapema mno, hata mbele ya uso usio na neno. Akaandikiwa dawa, na akaambiwa akishuku, asikimbilie kuamua, aulize.

Alirudi nyumbani moyo mweupe. Hakujua kwamba mwenzake naye kaondoka na somo lake. Tangu hapo kila alichokiona msusi, fundi alikiita ugonjwa. Fundi akimnunia hadi akamwogopa, ugonjwa. Binamu, ambaye msusi alimpokea kwake na kumfundisha kusuka, akitoka chumba cha nyuma cha saluni blauzi imegeuzwa, huo nao ugonjwa, na wawili wale wakamwonea huruma kabisa.

Jumamosi moja alikuwa akimsuka mwalimu wa chekechea. Kwenye kochi la nyuma walikaa fundi simu na binamu. Msusi akainua macho kwenye kioo, akamwona mchumba wake katumbua macho, kauma mdomo, kaizamisha shingo mabegani. Aliyekuwa akiigizwa alikuwa yeye mwenyewe, vile anavyokuwa hofu ikimshika. Binamu alijiziba mdomo kwa taulo la wateja, anatikisika kwa kicheko. Kisha mkono wake ukatua kwenye paja la shemeji, ukatulia pale kama uko kwao.

Msusi aliinama sikioni mwa mteja.

"Samahani, mwalimu. Unaona nini huko nyuma?"

Mwalimu alikitazama kioo. "Mwanaume anakuigiza, mwanangu. Na huyo dada hamshiki kama shemeji."

Msusi akaweka kitana chini, akamgeukia binamu yake.

"Mnalala pamoja?"

"Mpenzi, unajua hali yako..." fundi akaanza.

"Sijakuuliza wewe."

Binamu alitaka kukana, machozi yakamtangulia. Akakiri kwamba walianza kabla hata uchumba haujatangazwa.

"Yeye ndiye aliyesema tusiogope," akanong'ona. "Alisema hata ukitufumania, utajishuku wewe kwanza."

Fundi akanyoosha mkono amshike bega. Msusi alijikunyata kama aliyeguswa na kitu kilichooza. Akawafungulia mlango wote wawili, akasimama mbali nao mpaka walipotoka, akanawa mikono kwa sabuni, akaendelea na kichwa cha mwalimu. Taulo lile alilitupa.

Jioni ujumbe wa fundi ukaingia: "Nisamehe, ni shetani tu. Hupokei simu, bado unaniogopa?"

Akaandika: "Kukuogopa nilikuogopa sana. Sasa unanitia kinyaa. Ndoa hakuna."

Akazima simu, akala, akashiba.