Ukuta Uliopinda kwa Ajili ya Jiwe

"Mbona umekuja sasa hivi? Si nilikutumia ujumbe kwamba zamu yako ni saa tisa?"

Bosi Mdogo aliniuliza hivyo akiwa amesimama katikati ya mlango wa ukumbi wa michoro, mikono ameitanua kama kipa. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Mimi nimekumbatia boksi lenye modeli na michoro ya jengo langu, jasho linanitoka, siku ya mtihani wa mwisho wa usanifu majengo.

"Nimeshindwa kukaa nyumbani. Nipishe niweke hili boksi, mikono inaniuma."

"Subiri kidogo, mpenzi. Ndani bado wanapanga viti."

"Viti vinahusiana nini na boksi langu? Nipishe bwana!"

Nikachungulia chini ya kwapa lake. Moyo ukanilipuka paa!

Kwenye ukuta wa mbele palikuwa na karatasi nne kubwa zimebandikwa, juu yake jina lake. Na kwenye karatasi hizo palikuwa na jengo langu. Sisemi jengo linalofanana na langu. Nasema langu! Zahanati yangu ya kina mama, paa langu, dirisha langu refu la chini, ukuta wangu wa mashariki uliopinda.

Ngoja niwaambie, maana naona mmeshaanza kunionea huruma kabla hamjajua mambo. Huyu kaka tulikuwa wapenzi miaka mitatu. Chuo kizima walimwita Bosi Mdogo kwa sababu baba yake ana kampuni ya ujenzi, na meza ya mwanawe ilikuwa imeshawekwa ofisini inamsubiri yeye na cheti chake. Mimi waliniita Sindano. Mama yangu ni fundi cherehani, lakini jina lilikuja kwa sababu ya mdomo wangu.

Kazi ya mwaka huo ilikuwa moja kwa wote: chora zahanati ndogo, kila mtu atafute kiwanja chake mwenyewe. Ukinakili ya mwenzio, unafukuzwa, hakuna mjadala. Siku mbili kabla ya mtihani, Bosi Mdogo aliniambia, "Nipe faili zako nikuchapishie, mpenzi. Nina gari, wewe pumzika." Nikampa. Kesho yake akaniletea nakala zangu zimechapishwa vizuri. Mapenzi yana upofu wake jamani, mtu unampa mpaka funguo za nyumba.

Nikamvuta shati hadi kwenye korido.

"Umefanya nini?"

"Punguza sauti."

"Nimekuuliza umefanya nini!"

"Sindano, nisikilize. Nilikwama. Wiki tatu nakaa mbele ya karatasi nyeupe, hakuna kitu kinachotoka. Nikifeli baba ananifuta kabisa. Wewe una akili, ukiahirisha mwezi mmoja tu unachora nyingine nzuri zaidi. Nimeshawaambia unaumwa."

"Umewaambia naumwa!"

"Nimekutetea!"

"Na ningekuja hiyo saa tisa yako nikabandika michoro ileile, nani angeonekana mwizi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Nijibu. Nani angefukuzwa?"

"Nisingekubali wakufukuze."

"Ungefanyaje? Ungewaambia ukweli?"

Akaanza kufunga kifungo cha shati lake. Hapo ndipo nilipoumia kuliko hata wizi wenyewe. Miaka mitatu, na alikuwa ameshapiga hesabu zake zote bila mimi kuwemo.

Akanishika mkono. "Kwani si tutaoana? Changu chako, chako changu."

"Changu nakiona kimebandikwa ukutani. Chako kiko wapi?"

Mlango ukafunguliwa. Katibu akatoa kichwa. "Namba moja, ingia. Profesa hapendi kusubirishwa."

Bosi Mdogo akanyoosha kola, akaninong'oneza, "Ukinipenda, utanyamaza," akaingia.

Nilibaki koridoni na boksi langu. Niwe mkweli, nilifikiria kurudi nyumbani. Nilimpenda yule kaka. Sikatai. Lakini nilikumbuka Jumamosi tisa nilizokaa kwenye kile kiwanja changu cha mteremko, jua likinichoma shingo, nikasema moyoni: hapana. Kama ni kuachwa, niachwe na jengo langu mkononi.

Nikaingia, nikakaa kiti cha nyuma kabisa.

Jamani, kaka anajua kuongea! Alisema zahanati yake ni "kumbatio." Alisema mwanga wake ni "mwanga wa faraja." Majaji wawili wa pembeni wakawa wanaitikia kwa kichwa, wameridhika. Katikati alikaa Profesa, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, ambaye hajawahi kumsifia mtu tangu nijiunge na chuo kile. Hata yeye aliandika kitu kirefu kwenye karatasi yake.

"Kazi nzuri," jaji wa kushoto akasema. "Kuna mwenye swali?"

Nikasimama.

Bosi Mdogo akaniona. Uso ukamshuka, halafu ghafla ukapanda tena, akatabasamu meno yote. Akaja moja kwa moja hadi mbele yangu, akaingiza mkono mfukoni, na, wallahi sitanii, akapiga goti. Pete! Kumbe alikuwa ameiweka akiba.

"Mbele ya walimu wangu na wenzangu wote," akasema kwa sauti ya kutetemeka vizuri, "nataka ujue kwamba jengo hili nimelichora nikikuwaza wewe. Utakubali kuwa mke wangu?"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, simu juu zinarekodi. "Sema ndiyo! Sema ndiyo!" Rafiki yangu wa mstari wa mbele tayari analia. Na mimi, mwenzenu, nimeota siku ile miaka mitatu! Pete ilikuwa nzuri. Nilitaka kuivaa. Lakini nilijua pale pale kwamba nikiivaa nimefungwa mdomo, maana nani atamwamini mchumba anayemshitaki mchumba wake dakika moja baada ya kuchumbiwa?

"Simama," nikamwambia. "Unachafua suruali."

"Sindano, tafadhali..."

"Simama. Nilisimama kwa ajili ya swali na swali langu bado."

Makofi yakakatika. Profesa akavaa miwani yake.

"Wewe si tuliambiwa unaumwa?"

"Shikamoo Profesa. Mimi ni mzima."

"Marahaba. Uliza swali lako. Na wewe kijana, ondoka hapo chini, hapa si ukumbi wa harusi."

Nikaonyesha kidole kwenye mchoro.

"Huu ukuta wa mashariki umenyooka vizuri, ukifika hapa katikati unapinda kwenda ndani, halafu unarudi. Unapinda kwa nini?"

Bosi Mdogo akaugeukia mchoro. "Unapinda... ili kumpokea mgonjwa. Mpindo ni lugha ya upole."

"Mlango uko upande wa pili wa jengo. Huyo mgonjwa anapokewa na ukuta wa nyuma?"

Kuna mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ni... ni suala la mandhari," akasema.

Profesa akaingilia. "Kiwanja chako kiko wapi?"

"Karibu na stendi ya mabasi, Profesa. Kile cha tambarare."

"Nakijua. Pale unapopindisha ukuta pana nini?"

"Hakuna kitu, Profesa."

"Mti?"

"Hakuna."

"Mtaro? Nguzo ya umeme?"

"Hakuna."

"Sasa ukuta unakwepa nini?"

Jaji wa kulia naye akainama kwenye karatasi. "Na hili dirisha hapa. Umeliweka usawa wa goti. Mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto wake, akichungulia hapo anaona nini?"

"Anaona nje."

"Nje kuna nini?"

Bosi Mdogo akajibu kwa sauti ndogo. "Maegesho."

"Kwa hiyo anaangalia matairi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliposikia wale watu wakimcheka nilitaka kumshika mkono nimtoe nje. Ndivyo moyo ulivyo mjinga.

Badala yake nilifungua boksi, nikabeba modeli yangu hadi mezani kwa majaji.

"Kiwanja changu ni ule mteremko nyuma ya soko," nikasema. "Katikati pana jiwe kubwa kama chumba. Kila mtu aliniambia livunjwe. Nilienda pale Jumamosi tisa. Kina mama wanaokwenda sokoni hupumzika pembeni yake, kwa sababu jiwe lile saa tatu hadi saa tano asubuhi linapigwa na jua, halafu linautupa ule mwanga pembeni ukiwa umepoa. Unaweza kumnyonyesha mtoto pale na asikunje macho. Nikaona huo ndio mwanga wa chumba cha kusubiri. Ukuta ukapinda kulikwepa jiwe. Dirisha likawa chini ili mwanga unaotoka kwenye jiwe uingie na jua lenyewe libaki nje."

Profesa aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi ngumu ya modeli. Akaliona jiwe dogo nililolichonga kwa sabuni ya kufulia. Ukuta ulilizunguka sawasawa.

"Una daftari la kiwanja?"

Nikampa. Alifungua ukurasa mmoja mmoja: tarehe, saa, kivuli kimefika wapi, nani kakaa wapi.

Halafu akageuka. "Kijana, bandua karatasi zako."

"Profesa, mimi na yeye tulikuwa tunasaidiana, sisi ni wachumba..."

"Mimi si mchumba wako," nikasema. "Hujajibiwa bado, na jibu ni hapana."

Nikalisogeza boksi pembeni ya meza, mikono ipate kazi.

"Bandua," Profesa akarudia. "Jambo lako litakwenda kwenye kamati. Na wewe Sindano, usikae ukadhani umemaliza. Paa lako kwenye hiyo kona ya mpindo litavuja mvua ya kwanza tu."

"Litavuja?"

"Maji yote ya paa unayaelekeza kwenye jiwe lako pendwa. Yataenda wapi?"

"Nitaweka mfereji, Profesa."

"Uweke. Bandika michoro yako tuanze."

Nilifaulu. Sikupata alama ya juu, kwa sababu ya hilo paa. Roho iliniuma, lakini alikuwa na haki.

Jioni mama akapiga simu. Video ilikuwa imeshafika mpaka kwa wateja wake wa mashono.

"We mtoto! Umekataa pete mbele za watu?"

"Nimekataa, mama."

"Kijana wa watu kapiga magoti!"

"Alikuwa ameniibia kazi yangu, mama. Angeniacha nifukuzwe chuo. Pete ilikuwa ya kuniziba mdomo."

Nikasikia cherehani ikisimama.

"Kakuibia michoro?"

"Yote."

"Ile uliyokuwa unaungua nayo jua mpaka ngozi inabanduka?"

"Hiyohiyo."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Na mimi hapa nimeshamwambia jirani nina mkwe! Ngoja nikanushe." Halafu akaongeza taratibu, "Unalia?"

"Ndiyo."

"Lia mwanangu. Ukimaliza uje ule."

Wiki mbili baadaye Bosi Mdogo alinikuta kwenye ngazi za maktaba, alasiri, nachora ule mfereji. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimeshapokea jumbe zake kama arobaini, zote "Nisamehe," na sikujibu hata moja. Akakaa ngazi mbili chini yangu.

"Nilikiri, kamati ikanihurumia. Hawakunifukuza, wamenirudisha mwaka. Baba hazungumzi na mimi."

"Pole."

"Pole ya kweli?"

"Ya kweli. Miaka mitatu si mchezo."

"Nisaidie, Sindano. Sikuombi unichoree. Niambie tu pa kuanzia. Kila nikishika penseli naona jengo lako."

Nilitaka kumjibu vibaya, na mnajua ninaweza. Lakini alikuwa ameuliza swali la kweli, labda kwa mara ya kwanza.

"Nenda kiwanjani kwako. Gari liache nyumbani. Kaa pale tangu asubuhi mpaka jua lizame, uone watu wanapita wapi na kivuli kinaangukia wapi. Usichore kitu. Kesho yake urudi."

"Pale hapana kitu, ni tambarare tu."

"Unajuaje? Umewahi kukaa?"

Akatikisa kichwa. Hajawahi.

"Na nikimaliza?" akauliza. "Nikichora la kwangu, la kwangu kweli, utanirudia?"

Nilimtazama yule kaka. Bado nilikuwa nampenda, nisiwadanganye. Nikakunja karatasi zangu, nikasimama.

"Sitakurudia," nikamwambia. "Lakini siku ya kuwasilisha nitakuja. Nitakaa mstari wa mbele, na nitauliza maswali."